Elimu ya Sanaa

Kijana wa Njiru atakaye shahada ya sanaa siku hizi huweza kuipata karibu na kwao, katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Zamani haikuwa hivyo. Mwaka 1937, Bibi Margaret Trowell alipoanza kufundisha sanaa Makerere, Uganda, darasa lake lilikuwa baraza ya nyumba yake, wala hapakuwa na shahada. Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya, alivuka mpaka akasoma huko, kisha akawa mwalimu. Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962, yeye ndiye aliyeunda sanamu ya Kampala: mama amwinuaye mtoto wake juu.

Basi, msomaji, wakikuambia kuwa sanaa ni mchezo tu, wajibu hivi: uhuru ulipotakiwa kuonekana kwa macho, aliyeitwa ni mchongaji.