Kiporo, Kipindupindu na Korona: Chakula cha Nyumba Zetu Rumonge Wakati wa Maradhi



Ndugu wasomaji, wazazi pamoja na wanafunzi, leo tunaingia jikoni. Ni usiku, watu wameshakula, na ndani ya sufuria kumebaki maharage kidogo, kipande cha ubugali wa muhogo na ndagala wachache. Friji hakuna. Mama amesimama, mfuniko uko mkononi. Akimwaga, anaogopa israfu, na asubuhi watoto wataamka na njaa. Akikiacha, anaogopa kwamba chakula kilicholala kitawaharisha. Afanye nini?

Kwa mtu aliye mbali na ziwa, swali hili ni dogo. Kwetu sisi wa Rumonge, Magara na Nyanza-Lac, swali hili lina historia, kwa sababu ufukwe wetu umepitiwa na maradhi ya dunia nzima zaidi ya mara moja, na kila yalipokuja yaliingia hadi kwenye chungu. Tukiijua historia hiyo, insha'Allah, mama yule atapata jibu.

MARADHI YALIPITA NJIA YA BIASHARA

Uislamu na Kiswahili vilifika kwenye mwambao wetu katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara waliotoka pwani, wakapita Tabora, wakafika Ujiji, kisha wakavuka kwa mitumbwi. Njia hiyo ilileta nguo, shanga na elimu ya dini. Ilileta maradhi pia.

Mwaka 1869 kipindupindu kilifika Zanzibar na kuua maelfu ya watu. James Christie, tabibu aliyekuwa akifanya kazi Zanzibar wakati huo, alifuatilia njia za ugonjwa ule na kuchapisha kitabu chake mwaka 1876. Alionyesha kwamba ugonjwa uliandamana na misafara na majahazi. Livingstone naye, akiwa Manyema upande wa magharibi wa ziwa letu mwaka 1870, aliandika habari za kipindupindu kilichokuwa kikiua watu huko. Kwa hiyo, ndugu msomaji, zaidi ya miaka 150 iliyopita ugonjwa huu ulikuwa umeshafika pande zetu. Wakati ule hakuna aliyejua kwa yakini unaingiaje mwilini. Mtu aliona tu kwamba jirani amekula, amekunywa, kisha usiku ameanguka.

MWAKA 1978 NA MWAKA 1992

Kipindupindu tunachokijua leo ni cha wimbi la saba. Lilianza Indonesia mwaka 1961, likafika Afrika Magharibi mwaka 1970, na mwaka 1978 likaingia Burundi. Tangu hapo halijatuacha kabisa. Linanyamaza, kisha linarudi. Tarehe 1 Januari 2023 Burundi ilitangaza tena mlipuko, na wimbi hilo la saba bado halijahesabiwa kuwa limekwisha duniani.

Mji wetu wa Rumonge una nafasi yake katika elimu ya ugonjwa huu. Mwaka 1992 kipindupindu kilipolipuka hapa, watafiti walizunguka mitaani wakiuliza nani ameugua, anakaa wapi na anatumia maji gani. Matokeo yao yalitoka mwaka 1997 katika jarida la kitabibu la The Lancet. Waliona kwamba mitaa iliyopakana na ziwa ndiyo iliyougua zaidi, na kwamba walioyanywa maji ya ziwa au kuoga ndani yake ndio waliokuwa katika hatari. Vijidudu vyenyewe vilipatikana ndani ya maji ya Tanganyika.

Hapa ndipo hadithi ya maji inapogeuka kuwa hadithi ya chakula. Maji yale yale yanaoshea sahani na mboga, na yananawisha mikono inayomega ubugali. Chakula kikitoka motoni kinachemka, vijidudu vimekufa. Kikishapoa, kikaguswa na mkono usio safi, kikapakuliwa kwa kijiko kilichosuuzwa kwa maji ya ziwa, au kikatuliwa na nzi, vijidudu vinarudi. Wali, uji, maharage na chakula kingine chenye majimaji kisicho na uchachu ni shamba lenye rutuba kwao. Usiku mmoja wa joto la Imbo unatosha kuvizidisha.

Uchachu wenyewe ni adui wao. Watafiti waliofanya kazi Guinea-Bissau, katika mlipuko wa miaka ya 1990, waliona kwamba familia zilizotia ndimu katika mchuzi wa wali ziliugua kidogo kuliko nyingine. Ndimu tunazo, alhamdulillah. Lakini ndimu inasaidia tu, haichukui nafasi ya moto.

MAKOSA MAWILI

Maradhi yanapoingia mjini, nyumba huangukia moja kati ya makosa mawili.

La kwanza ni kutupa kwa khofu. Mtu anasikia habari za kipindupindu, basi kila kilichobaki anakimwaga, kizuri na kibaya. Katika nyumba ambayo mfuko wa unga umenunuliwa kwa taabu, huko ni kutupa jasho la baba na kuni za mama.

La pili ni kula kwa ubahili. Mtu anasema chakula ni neema, hakitupwi, basi anakula kiporo cha baridi kilichokesha wazi, au anampa mtoto mdogo. Anaokoa bakuli la maharage, kisha anamaliza akiba ya nyumba hospitalini. Na wapo waliopoteza zaidi ya akiba.

Dini yetu imeyaziba makosa yote mawili. Katika Surat Al-A'raf, aya ya 31, Mwenyezi Mungu ameturuhusu kula na kunywa na akatukataza israfu. Katika hadithi iliyo katika Sahih Muslim, Mtume wetu (S.A.W.) ameelekeza kwamba tonge likianguka, mtu aondoe uchafu uliolishika kisha alile, asimwachie shetani. Tuangalie vizuri mpangilio wake. Kwanza uondoe kinachodhuru, halafu ndipo ule. Katika hadithi nyingine, pia katika Sahih Muslim, tumeamrishwa kufunika vyombo na kufunga viriba, na sababu iliyotajwa ni kwamba uko usiku mmoja katika mwaka ambao maradhi ya kuenea hushuka. Mfuniko alioshika mama yule jikoni ni Sunna tangu zamani.

KORONA ILIPOKUJA

Mwaka 2020 likaja gonjwa jingine. Korona haienezwi na kiporo. Hata hivyo iligusa chakula cha nyumbani kwa namna ambayo wengi hawakuitazamia.

Katika nchi zilizofunga watu majumbani, kwa muda fulani chakula kilitupwa kidogo kuliko kabla. Nchini Uingereza, shirika la WRAP liliuliza familia zinatupa kiasi gani cha mkate, maziwa, viazi na kuku. Novemba 2019 jibu lilikuwa asilimia 24.1. Aprili 2020, watu wakiwa wamefungiwa ndani, lilishuka hadi asilimia 13.7. Kwa nini? Kwenda dukani kulikuwa shida, basi watu walihesabu kilichomo kabatini, wakapanga mapishi na wakatumia mabaki. Masharti yalipoanza kulegezwa, kiwango kilipanda tena hadi asilimia 17.9. Khofu iliwafundisha, na khofu ilipopungua wengine walianza kusahau.

Kwetu mambo yalikuwa tofauti. Wagonjwa wawili wa kwanza Burundi walitangazwa tarehe 31 Machi 2020. Hatukufungiwa majumbani, masoko yaliendelea, na misikiti haikufungwa kama ilivyokuwa Kenya na hata Makka na Madina katika Ramadhani ya mwaka ule. Kilichofungwa ni mipaka. Na mwezi wa Januari 2021 mipaka ya nchi kavu na ya ziwani ilifungwa tena. Kwa mji unaoishi kwa kuvusha bidhaa, mpaka ukifungwa kishindo kinasikika sokoni, na kutoka sokoni kinafika kwenye sahani. Tena Aprili 2020 mto Rusizi ulifurika Gatumba na kuwatoa maelfu ya watu majumbani mwao. Mwenye shida ya kununua hana ya kutupa.

Lakini korona ilituachia jambo moja jema. Katikati ya mwaka 2020 serikali mpya ilitangaza kupunguza bei ya sabuni, na ndoo za kunawia zikawekwa milangoni. Sabuni iliyoletwa kwa ajili ya korona ndiyo ile ile inayozuia kipindupindu. Na mkono uliooshwa kwa sabuni unaokoa chakula, kwa maana chakula kisichoguswa na uchafu hakina sababu ya kutupwa kesho yake.

Tusidhani pia kwamba kutupa chakula ni tabia ya matajiri peke yao. Shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, limekadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, maganda na mifupa ikiwemo, na asilimia 60 ilitoka majumbani. Tofauti kati ya nchi tajiri na nchi za kipato cha kati ilikuwa kama kilo 7 tu kwa mtu kwa mwaka. Mwingine anatupa kwa kushiba, na mwingine kwa kukosa mahali pa kuhifadhi.

SAMAKI ANAYEPOTEA KABLA YA CHUNGU

Tukisema juu ya kuhifadhi, tutoke kidogo jikoni twende mwaloni. Ndagala wetu walizoea kuanikwa mchangani. Mvua ikinyesha wanaoza, ndege wanadonoa, na mchanga unaingia hadi mdomoni mwa mlaji. Shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria kwamba takriban asilimia 15 ya samaki walikuwa wakipotea au kuharibika katika kuanikwa. Mwaka 2004 mradi wake ulianza kuonyesha akina mama na vijana wa ufukweni jinsi ya kutengeneza vichanja vya waya vilivyoinuliwa kama mita moja kutoka chini. Hewa ikapita juu na chini, na muda wa kukausha ukapungua kutoka saa 36 hadi kama saa 8.

Maana yake wakati wa maradhi ni kubwa. Mpaka ukifungwa na wanunuzi wasije, ndagala aliyekauka vizuri anaweza kusubiri. Aliyekauka nusu hasubiri, ataoza na mtaji utapotea.

SASA MAMA AFANYE NINI?

Kwanza, apike kwa kiasi. Kiporo salama kuliko vyote ni kile ambacho hakikubaki.

Pili, kikionekana kitabaki, kigawiwe kikiwa bado cha moto. Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharr (R.A.) kwamba akipika mchuzi auongeze maji na awakumbuke majirani zake. Nyumba isiyo na friji, friji yake ni jirani. Leo unampelekea sahani, kesho kutwa sahani inarudi na kitu ndani yake.

Tatu, kinachobaki kifunikwe vizuri, kisiguswe kwa mkono wala kwa kijiko kilichokwisha tumika. Wataalamu wa afya wanashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la nyumba. Kwa hiyo usiku, kabla ya kulala, ni wakati wa kuamua.

Nne, kinachorudishwa mezani kirudi kwenye moto hadi kichemke chote, mpaka katikati. Kupasha juu juu hakutoshi. Kilichokesha wazi, kilichobadilika harufu au kilichoanza kuteleza, asipewe mtu, maana ziko sumu ambazo moto hauziondoi. Wapewe kuku au kiende kwenye shimo la mbolea. Huko si israfu, ni kuondoa madhara.

Tano, maji ya kunywa na ya kuoshea vyombo yachemshwe au yatiwe dawa. Ziwa ni neema ya Mwenyezi Mungu, lakini yaliyotokea mwaka 1992 tumeyasoma.

Nanyi wanafunzi, tunawapa kazi ya wiki moja. Kila usiku pimeni kwa kikombe chakula kilichobaki nyumbani, muandike kwenye daftari ni cha aina gani na kimekwenda wapi: kimeliwa, kimegawiwa, kimepewa kuku au kimemwagwa. Mwisho wa wiki wasomeeni wazazi wenu. Watafiti waliokuja Rumonge walianza hivyo hivyo, kwa kuuliza nyumba hadi nyumba na kuandika.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaoshukuru neema kwa kuitunza, atukinge na maradhi sisi, watoto wetu na majirani zetu, na awarehemu wote waliotutangulia kwa maradhi hayo. Aamin.