Magazini

nm [i-/zi-] Kikasha cha risasi kinachochomekwa ndani ya mpini wa bastola ya nusu otomatiki. *Alichomoa magazini akakuta risasi tatu zimebaki.* Silabi ya kwanza si kiambishi cha wingi: husemwa *magazini moja, magazini mbili*, si *magazini mawili*.

Neno limepokewa kutoka Kiingereza, lakini asili yake ya mbali ni Kiarabu, *makhazin*, yaani maghala. Mzizi huohuo umekipa Kiswahili *hazina* na *mhazini*. Maana ya chapisho la mara kwa mara ilishika London mwaka 1731, Edward Cave alipoanzisha The Gentleman's Magazine, ghala la maandishi. Kwa maana hiyo Kiswahili kina *jarida*, na hakuna sababu ya kuliacha.

Sehemu zake. Mfasiri wa orodha ya vipuri hukutana na vitu vitano: mwili wa magazini, springi, kipande kinachokaa juu ya springi na kusukuma risasi, midomo miwili inayoizuia risasi ya juu isiruke, na kitako. Kipande cha tatu hakina jina moja lililozoeleka. Kukiita *kisukuma risasi* kunaeleweka, mradi kielezwe mara ya kwanza kinapotajwa. Kazi yake haiishii kusukuma: katika bastola nyingi ndicho kinachoinua kizuizi ili slaidi ibaki nyuma risasi zinapokwisha. Kwa hiyo springi ikilegea, dalili huwa mbili, risasi kuchelewa kupanda na slaidi kujifunga ingawa magazini ni tupu. Ikiwa ngumu kupita kiasi, risasi ya mwisho hujazwa kwa shida.

Kubadilisha, kuboresha, kuongeza. Hapa ndipo tafsiri nyingi huteleza. Springi iliyochoka ikiwekwa mpya ya aina ileile, *imebadilishwa*. Ikiwekwa ya chuma bora zaidi, magazini *imeboreshwa*. Kitako kirefu kinachoingiza risasi zaidi *kinaongeza ujazo*, jambo ambalo sheria huweza kulitazama kwa jicho jingine kabisa. Nchini Marekani, sheria ya shirikisho ya mwaka 1994 hadi 2004 ilipiga marufuku magazini mpya za zaidi ya risasi 10 kwa raia, na baadhi ya majimbo, California likiwamo, yana kikomo chao. Mfasiri anayeandika *kuboresha* kwa yote matatu anamficha msomaji jambo ambalo huenda likamfikisha mahakamani.

Kuingia si kufaa. Magazini ya Glock 17, ya risasi 17, hutumika pia katika Glock 19, ikichomoza kidogo chini ya mpini. Ya Glock 19 ni fupi mno kwa Glock 17. Katika maelezo ya vipuri, *inaingia* itumike kwa vipimo tu, na *inafaa* kwa kile kinachofanya kazi bila risasi kukwama.

Tahadhari. *Toa magazini* na *ondoa risasi* si amri moja. Magazini ikichomolewa, risasi iliyokwisha kuingia kwenye chemba hubaki humo. Browning Hi-Power ya mwaka 1935 iliundwa isifyatuke magazini ikiwa nje. M1911 na Glock hufyatuka. Hivyo, katika mwongozo wa usalama, *chomoa magazini, vuta slaidi nyuma, kagua chemba* ziandikwe kuwa hatua tatu, kwa mpangilio huohuo, hata matini asilia ikizifupisha kwa kitenzi kimoja. Kadhalika katika ushahidi: *bastola yenye risasi* haisemi risasi ilikuwa wapi, ilhali wakili atauliza kama ilikuwa kwenye chemba au kwenye magazini.

Vitenzi viambatani: *chomeka, chomoa, jaza, maliza*. *Jaza magazini* ni kuingiza risasi ndani yake. *Chomeka magazini* ni kuitia katika bastola.

Taz. pia *chemba, ganda, mtutu, risasi*.