Kinyama, uvimbe au polipu?

Asili ya "polipu" ni Kigiriki, miguu mingi, na Wagiriki wa kale walimwita pweza kwa jina hilo. Waganga wao wakalitumia kwa nyama zinazoota puani. Hadi leo daktari anayeandika polipu kwenye cheti ametaja umbo tu: kitu kilichoota kwenye utando wa ndani kikajitokeza, mara nyingi kwa kikonyo. Hajasema ni kansa wala si kansa.

Hapo ndipo "uvimbe" unapotuangusha. Uvimbe ni jipu, ni kansa, ni mguu ulioteguka. Mimi nachagua "kinyama", maana watu tayari wanasema vinyama vya pua. Kasoro yake ni kwamba magazeti yameshalizoea karibu na "aliuawa", basi lisemwe kwa ukamilifu: kinyama cha kibofu, kinyama cha ureta. (Ureta ndiyo inayoteremsha mkojo kutoka kwenye figo, "mrija wa mkojo" peke yake huchanganywa na ule wa kutolea nje.)

Kinyama cha ureta kisicho na kansa ni nyuzinyuzi zilizofunikwa na utando wa kawaida. Kinaweza kuzuia mkojo, figo ikatanuka na ubavu ukauma, au mgonjwa akakojoa damu. Kamera nyembamba hupandishwa, kikonyo kikakatwa kwa leza, na nyama yenyewe ikapelekwa maabara.

Cha kibofu kina habari nyingine kwetu. Unguja, Pemba na Kwale kuna kichocho cha mkojo. Mayai ya minyoo hunasa kwenye ukuta wa kibofu, mwili unapambana nayo, na kinyama huota. Mtoto anayetoa damu mwishoni mwa haja ndogo apimwe mkojo wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, mayai yanapotoka kwa wingi. Akipewa prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, vinyama hivyo mara nyingi hunywea vyenyewe, na altrasaundi ya miezi kadhaa baadaye itathibitisha. Kumkimbiza kwenye kisu kabla ya vidonge ni haraka isiyo na faida.

Mtu mzima aliyeishi na kichocho miaka mingi ni jambo jingine. Mwaka 1994 wakala wa utafiti wa kansa wa Shirika la Afya Duniani uliiweka minyoo hiyo katika kundi la visababishi vya kansa kwa binadamu. Huyo vidonge havimtoshi: kibofu kiangaliwe kwa kamera, kipande kikatwe, na jina la ugonjwa lisubiri majibu ya maabara.