Kuuzisha frigo ao salon kwa telefone: mambo ya kujua mara ya kwanza

Familia yenye kuhama Goma kwenda Bukavu haiwezi kupakia kila kitu ndani ya boti. Masufuria na magodoro vitaenda, lakini frigo, viti vya salon na kabati ya mbao vinakula feza mingi ya usafiri. Zamani mwenye kuhama aliita komisioneri. Leo wengi wanapiga foto na kuiweka kwenye grupu ya WhatsApp ao Marketplace ya Facebook.

Njia hiyo inaomba mega tu. Lakini kitu kizito hakiuzishwi sawa viatu: mwenye kununua sharti afike nyumbani kukiona, sharti apate watu wa kukibeba, na feza yake ni mingi. Kwa mambo hayo matatu ndipo mutu wa mara ya kwanza anapoteza.

Tangazo

Foto zipigwe muchana, karibu na dirisha ao inje. Moja ionyeshe kitu kizima, ingine ndani, ingine kasoro: mukwaruzo, mulango wenye haufungi, kitambaa kilichopasuka. Kasoro ikionyeshwa mbele, mununuzi hataitumia kushusha bei akiwa tayari ndani ya nyumba.

Tangazo litaje urefu na upana kwa sentimetre, juu viti vingi vya salon vinakwama mulangoni. Litaje kartie, si namba ya nyumba. Na haifae kuandika « tunasafiri juma lijalo ». Wezi wanasoma pia, na mununuzi anajua kama muuzishaji iko na haraka.

Bei

Kwanza kuuliza sokoni, kwa mufano Virunga kule Goma ao Kadutu kule Bukavu, kitu cha namna ile kinauzishwa ngapi kikiwa kipya na kikiwa cha okazioni. Kisha kuweka bei mbili: ya kutangaza, na ya mwisho yenye kubaki kichwani. Swali la kwanza la watu wengi ni « bei ya mwisho ngapi? » hata mbele ya kuona kitu. Jibu nzuri ni: « Kuja uone, tutasikilizana. »

Usafiri

Tangazo liseme wazi nani atalipa usafiri na gari inafika wapi. Goma, chukudu inaweza kubeba kabati nzima. Lakini ndani ya Kadutu, nyumba nyingi ziko kwa mulima na njia ni ya miguu tu. Hapo sharti wabebaji, na bei yao inaweza kuharibu mapatano yote kama haikuzungumzwa mbele.

Frigo iko na sheria zake. Mununuzi anataka kuona inaleta baridi, basi aitwe saa zenye umeme iko. Mbele ya kubebwa, itolewe vitu vyote na barafu iyeyuke. Isafiri imesimama. Ikilazwa njiani, isimame saa nyingi, hata siku nzima, mbele ya kuiunganisha, juu mafuta ya motere yanahitaji kurudi mahali pake.

Feza

Hapa ndipo wadanganyifu wanafanya kazi. Mutu anapiga simu, habishani bei, anasema ndugu yake atakuja na gari. Kisha mesaje inaingia, inafanana na ile ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Lakini mesaje si feza. Muuzishaji aangalie mwenyewe kiasi chenye kuwa ndani ya konti yake. Mwingine atasema alituma zaidi kwa makosa na kuomba arudishiwe haraka. Hapo pia ni konti ndiyo inajibu. Kode ya siri haipewe mutu, hata akisema ni wa kampuni.

Wapatane mbele kama ni dola ao franga, kwa taux gani, na nani atalipa feza ya kutoa kwa ajenti. Noti ya dola iliyopasuka hata kidogo inakataliwa karibu popote. Ziangaliwe moja kwa moja, bila haya.

Siku ya kutoa

Mununuzi apokelewe muchana, na jirani ao ndugu akiwa pale. Kitu kikae karibu na mulango, ili mugeni asitembezwe nyumba nzima.

Kwa kitu cha bei kubwa, waandike karatasi mbili za kuuzishiana: majina, namba za telefone, kitu chenyewe na namba yake ya fabriki, bei, tarehe, sinyature. Kila mumoja anabaki na yake. Kama kesho polisi inauliza frigo ile ilitoka wapi, karatasi ile inalinda wote wawili, juu kununua kitu cha wizi ukijua ni kosa mbele ya sheria ya Congo.

Na jambo moja lisigeuzwe, hata mununuzi akiwa mupole namna gani: feza inaingia kwanza, kisha kitu kinavuka kizingiti.