Waya wa Ardrossan na Milingoti ya Uani

Wanaoandika tarehe ya simu ya upepo aghalabu huisifu mitambo na mabingwa walioibuni, nao waya uliotundikwa nje, juani na mvuani, huutaja kwa kupitia tu. Walakini kisa cha Ardrossan, mji mdogo wa pwani ya Uskochi, chatosha kutuonyesha kwamba waya una haki ya fungu kubwa zaidi la sifa hizo.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1912, iliyopitishwa baada ya kuzama kwa Titanic, iliwasukuma wapenzi wa redio, watu waliojiundia mitambo yao pasipo ujira, kwenye mawimbi ya mita 200 na yaliyo mafupi kuliko hayo, ambayo wataalamu wa zama zile waliyahesabu kuwa hayafai kwa safari ya mbali. Wenyewe hawakusadiki. Februari 1921 walijaribu kupeleka ishara Uingereza, na huko hapana aliyesikia hata moja; ndipo chama chao, ARRL, kilipomtuma Paul Godley, fundi mashuhuri wa mitambo ya kupokelea, avuke Atlantiki akasikilize kwa masikio yake. Disemba ya mwaka ule ule akapiga hema karibu na bahari, katika baridi na mvua za Uskochi, akatandaza waya wa futi 1,300, yaani kiasi cha mita 400, juu ya nguzo fupi, ncha yake ikielekea Marekani. Ilikuwa antena ya namna iliyobuniwa na Harold Beverage, ambayo haitafuti kimo bali urefu, na ncha yake ya mbali hufungwa ardhini kwa kupitia kizuizi cha umeme kilichopimwa, ili mawimbi yatokayo nyuma yafie humo na yale ya mbele tu yamfikie msikilizaji. Usiku wa kuamkia tarehe 12 akapokea kutoka 1BCG, kituo cha Greenwich, Connecticut, kilichojengwa na kikundi ambacho mvumbuzi Edwin Armstrong alikuwa mmoja wa watu wake, ujumbe mzima wa maneno 12. Ni kweli kwamba mtambo aliouchukua ulikuwa hodari mno, lakini mtambo hauwezi kukuza kile ambacho waya haukukinasa.

Antena ya nyumbani iliyozoeleka baadaye, fimbo moja ya wima na nyingine zilizotandazwa chini yake badala ya ardhi, ni kazi ya George Brown wa RCA, kampuni ya redio ya Marekani, naye alisimulia kwamba fimbo mbili za chini zilitosha, ila wauzaji hawakusadiki kuwa mbili zingesambaza mawimbi sawasawa pande zote. Basi akaongeza mbili nyingine kwa ajili ya macho ya wanunuzi. Wengi wajiundiao hata leo huweka nne, na sidhani kwamba wote wajua kwa nini.

Kuirekebisha ndiko kazi yenyewe. Wimbi la megahezi 27 lina urefu wa mita 11, na fimbo ya wima hutakiwa iwe robo yake, pungufu kidogo, kiasi cha mita 2.6, lakini fundi mwenye hadhari huikata ndefu kuliko hesabu, kama mshoni aachavyo pindo, kisha hupima nguvu irudiyo mtamboni, hupunguza upana wa kidole, hupima tena. Waliotangulia, wasio na kipimo, walitazama mwanga wa globu ndogo. Fimbo za chini zikilala sawa, antena huwa na ukinzani wa omu 36 hivi, hali waya wa kuilisha una omu 50. Zikiinamishwa kiasi cha nyuzi 45, hesabu hukaribiana, na nguvu irudiyo hupungua.

Marekani iliwafungulia raia mawimbi hayo ya megahezi 27 mwaka 1958, na baada ya uhaba wa mafuta wa 1973, madereva wa malori walipokuwa wakiambiana palipo na mafuta na palipo na polisi, milingoti ikazagaa uani na juu ya mapaa. Si wachache waliokufa mlingoti wa chuma ulipogusa nyaya za umeme wakati wa kuusimamisha, hata serikali ikawalazimisha watengenezaji, mwaka 1978, wabandike onyo juu ya kila antena ya nyumbani waliyoiuza. Iliyoundwa uani kwa mabomba yaliyookotwa haikuwa na mtengenezaji wa kulazimishwa.