Usicheke, Tazama Hapa

Kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yangu pale Tunduma ilikuwa kuwaambia watu wasicheke. "Mama, sogeza kilemba kidogo, masikio yaonekane. Usicheke. Tazama hapa." Nabonyeza, mtu anainuka kwenye stuli, na kabla hata hajalipa ananiuliza: "Nimetoka vizuri?" Hati ya kusafiria haina haja ya mtu kutoka vizuri, inataka atoke alivyo, basi. Lakini sikupata kumwona mteja, awe dereva wa lori au binti aliyetoka kufaulu darasa la saba, ambaye hakuuliza swali hilo.

Kwa msomaji asiyeufahamu mji wetu, Tunduma ni mpakani. Ukivuka uko Nakonde, Zambia. Mstari huo hawakuuchora wenyeji. Waingereza na Wajerumani waliafikiana katika mkataba wa mwaka 1890, na mwaka 1898 tume yao ikaja kuupima mpaka na kuweka alama, Wanyamwanga wakajikuta shangazi yuko nchi moja na mpwa yuko nchi nyingine. Kwenda kumjulia hali shangazi, watu waliendelea kupita njia za mashambani kama zamani. Lakini kwenda Lusaka au Ndola kulitaka karatasi, na karatasi ikataka uso. Hapo ndipo nilipopata ugali wangu.

Nilifika mwaka 1984, wakati huo bado tuko mkoa wa Mbeya. Songwe ulizaliwa mwaka 2016. Kazi nilikuwa nimejifunza Mbeya mjini kwa mzee mmoja mkali, ambaye alinifundisha kusafisha picha kabla hajaniruhusu hata kuigusa kamera. Nikapanga chumba kimoja na kibaraza. Kibarazani nilitundika pazia la buluu alilolishona mke wangu, nikamkalisha mteja kivulini, uso wake ukiupokea mwanga wa uwanja. Ukutani nikaweka msumari wa koti. Koti lile lilikuwa jeusi, kubwa kwa watu wengi, kwa hiyo nililibana mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo. Vijana waliokuja na fulana waliondoka na picha ya mtu wa ofisini. Nadhani koti langu limefika Harare na Johannesburg mara mia kadhaa, ilhali mimi mwenyewe sijavuka Kitwe.

Amri ya "usicheke" nilipewa na mwalimu wangu, naye alipewa na wake, na kwa muda mrefu niliichukua kama sheria ya maumbile. Baadaye nilipoanza kusoma ndipo nilipoona kwamba ina historia, tena si historia ya kujivunia sana.

Picha ndogo za kukata zilianza kama anasa. Mwaka 1854 Mfaransa mmoja, Disdéri, alijipatia haki ya njia ya kupiga picha kadhaa katika kioo kimoja kisha kuzikata, na watu wa Paris wakawa wanagawiana nyuso zao kama kadi za salamu. Huko kwetu pwani mambo yalikuwa ya namna hiyo hiyo. Unguja ilikuwa na studio ya akina Gomes tangu karne ya kumi na tisa, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio. Watu waliingia humo wamevaa, wamejipamba, ili waonekane.

Lakini uso ule ule ulikuwa umeshachukuliwa na watu wengine kwa kazi nyingine. Katika miaka ya 1880 Alphonse Bertillon, karani wa polisi wa Paris, aliwapanga wahalifu kwa picha mbili, moja ya mbele na moja ya ubavu, mwanga ule ule, umbali ule ule, bila mapambo. Pasipoti nyingi za Ulaya bado zilikuwa zikiueleza uso kwa maneno: paji pana, pua ya wastani, kidevu cha mviringo. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, serikali zikaanza kuogopa majasusi, na picha ikawa lazima. Kwa hiyo, ndugu msomaji, unapokaa mbele ya pazia ukaambiwa unyooshe shingo, unakaa mahali pa mshukiwa wa Paris.

Jirani zetu wa Kenya waliyaonja haya bila hata picha. Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutumika vita vilipokwisha, kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alipaswa kubeba kipande chenye alama za vidole, akikivaa shingoni ndani ya kibweta cha bati. Kule Afrika Kusini pasi ilikuwa na picha. Watu 69 waliuawa Sharpeville tarehe 21 Machi 1960 wakiandamana kuzipinga pasi hizo. Kamera za Polaroid zilitumika kupiga picha hizo. Na mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni hiyo huko Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, walipogundua jambo hilo wakaanzisha kampeni ya kuisusia, mpaka kampuni ikajitoa Afrika Kusini mwaka 1977.

Naieleza habari hii kwa sababu inatuhusu hapa hapa. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa na Wachina pamoja na wananchi wetu kati ya mwaka 1970 na 1975 ili Zambia isitegemee tena njia za kusini zilizoshikwa na walowezi wa Rhodesia na Makaburu. Reli hiyo, pamoja na barabara kuu ya kwenda Zambia, ndiyo iliyoufanya mji wetu kuwa mji. Yaani wateja wangu waliletwa na vita vya kuwapinga watu wa pasi, nami nikawa nawapiga picha za pasi. Sikuwahi kuliwaza hilo nikiwa kazini. Nilikuwa nawaza bei ya karatasi.

Miaka ya tisini barabara ile ile iliyoleta wateja ikaleta ukimwi. Hapo nikaanza kupokea kazi ambayo mwalimu wangu hakunifundisha. Ndugu wa marehemu walikuja na picha ya pasipoti, mara nyingine imebanduliwa kwenye kitambulisho, mhuri umepita juu ya shavu, wakitaka ikuzwe ya kuweka juu ya jeneza. Ndiyo picha pekee waliyokuwa nayo. Uso uliopigwa ili uwe mdogo ukikuzwa unatisha kidogo: macho yanakuwa ya mtu aliyeshtuka, na kila kovu linajitokeza. Nilikuwa nimewaambia wasicheke, na sasa ndivyo walivyokwenda kaburini. Kuna mabinti wawili wa baba mmoja waliniuliza kama naweza kumfanya acheke kidogo. Nikawaambia haiwezekani.

Mwaka 1999 nilihama chumba. Negativu za miaka kumi na mitano zilikuwa katika maboksi, nyingine zimeingia unyevu zikagandana. Nikazichoma nyuma ya nyumba, zote, hata zilizokuwa nzima. Hakuna aliyeniamuru. Niliona ni takataka za ofisi za watu wengine, kwa kuwa wenyewe walishapata picha zao nne.

Miaka minne baadaye akaja mama mmoja kutoka upande wa Kamsamba, ametembea na kupanda magari siku mbili. Mwanawe alipiga picha kwangu mwaka 1997, akaondoka nazo zote kwenda kusini kutafuta kazi, na sasa walikuwa wameletewa habari za kifo bila mwili. Nyumbani hapakuwa na picha yake hata moja. "Baba, wewe ulimwona," akaniambia. "Ulimtazama." Nikamwuliza alivaa nini. Akasema aliwahi kuwaambia kwamba alivalishwa koti. Nililikumbuka koti. Yeye sikumkumbuka.

Mama yule hakulia wala hakunilaumu. Aliomba maji ya kunywa, akaomba alione koti. Lilikuwepo bado, msumarini. Akalishika mkono, akakung'uta vumbi begani kama mtu anayemwandaa mtoto kwenda shule, akaenda zake stendi.

Tangu siku ile nilikuwa natoa picha tano badala ya nne, na ya tano naiweka katika bati la biskuti, nyuma nimeandika jina, mwezi na mwaka. Hata nilipoanza kutuma mikanda ya rangi Mbeya kwa basi, sikuacha. Tena kabla ya kupiga ile ya ofisi, nilipiga moja ya bure nikimwacha mtu akae apendavyo. Gharama ilinila, na mke wangu alinung'unika kwa haki kabisa.

Siku hizi mwanangu ndiye mwenye studio, na kazi ya pasipoti imepungua. Kamera za NIDA na za uhamiaji zinampiga mtu pale pale dirishani. Mwaka 2015, tulipoandikishwa kupiga kura kwa mashine za BVR, kijana aliyeketi nyuma ya kompyuta aliniambia, "Mzee, usicheke." Nikajikuta namwuliza kama nimetoka vizuri.

Mabati sasa ni kumi na moja, yako chini ya kitanda changu. Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja kutoka Nakonde akimtafuta mdogo wake. Tulikaa kibarazani toka saa nne mpaka adhuhuri, bati moja baada ya jingine. Hatukumpata. Lakini katika bati la mwaka 2006 akamkuta jirani yake wa zamani, mwanamke, katika ile picha ya bure, amefunga khanga kichwani na anacheka mpaka jicho moja limefumba. Akaniomba ampelekee watoto wake. Nikampa.