Nyekundu ya Kibatari, Bluu ya Ampuli

Wanaoandika historia ya mji huu wanaanza na kituo cha jeshi cha Wajerumani cha mwaka 1897, kikaitwa Usumbura. Mimi naanza na kibatari. Ukitaka kujua kwa nini bibi zetu walipanga nyumba kwa rangi fulani na wakaziacha zingine, uliza kwanza jioni walikuwa wanaona kwa mwanga gani.

Hapa kwetu jua linazama nyuma ya milima ya Uvira karibu saa kumi na mbili, mwaka mzima, halafu giza linaingia haraka. Kwa hiyo nusu ya maisha ya nyumba ni usiku. Wale Waswahili wa Ujiji na Manyema waliokaa Buyenzi wakati wa Wabelgiji, jioni yao ilikuwa ya taa ya mafuta. Mwali wa mafuta una njano na nyekundu nyingi, bluu karibu hakuna. Wataalamu wanaupima kwa kelvini kama 1,900, na mwanga wa mchana unapita 5,000. Ukiweka kitambaa cha bluu iliyokolea mbele ya kibatari, utaapa ni cheusi. Bluu na kijani zinachanganyika mpaka huwezi kuzitenganisha. Lakini nyekundu inawaka, nyeupe inakuwa kama samli, nyeusi haina habari.

Sasa tazama kanga ya kisutu ya maarusi wa pwani: nyekundu, nyeusi, nyeupe. Tazama imigongo, mapambo ya majirani zetu Wanyarwanda, yanayofanywa kwa samadi ya ng'ombe: rangi za zamani ni zile zile tatu. Sisemi taa peke yake ndiyo ilichagua. Udongo mwekundu, masizi na udongo mweupe vilikuwa karibu na mkono, bluu ilikuwa ya kununua. Ila ni rangi ambazo usiku hauzinyang'anyi kitu.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 umeme wa mto Ruzizi ukaanza kuja mjini. Haukuingia kila nyumba, na hata leo hauingii kila nyumba. Lakini ampuli ya zamani, ile ya Edison ya 1879, bado ilikuwa ni moto: waya unapashwa mpaka unang'aa. Kelvini 2,700 hivi. Mwanga uliongezeka, familia ya rangi haikubadilika sana. Mama aliyezoea kibatari hakuhitaji kupanga sebule upya.

Mapinduzi yenyewe yamekuja juzi tu, na hayakupigiwa ngoma. Mwaka 1993 Mjapani Shuji Nakamura alitoa LED ya bluu yenye nguvu. Mwaka 2014 yeye, Akasaki na Amano wakapewa tuzo ya Nobel kwa kazi ya LED ya bluu. Taa nyingi nyeupe tunazonunua leo ndani yake ni hiyo bluu, imefunikwa unga wa njano, na macho yetu yanadanganywa kwamba ni nyeupe. Zile za bei rahisi zina upungufu mkubwa wa nyekundu iliyokolea. Kwa hiyo mambo yamepinduka: bluu imefufuka, na nyekundu ya bibi inaonekana kama matofali ya zamani. Vijana ninaofanya nao kazi wanapenda kuta za kijivu na bluu, wazee wanasema ni kuiga simu. Mimi nadhani taa nayo inawasukuma.

Jambo hili lina hasara ya pesa. Dada mmoja mkimbizi, fundi cherehani, alishona marido na foronya za mito ya viti kwa vitambaa viwili tofauti. Alivilinganisha usiku, chini ya LED, vikawa kitu kimoja. Asubuhi, mlangoni kwa mteja, kimoja kilikuwa cha zambarau na kingine cha kahawia. Mteja akakataa kulipa. Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Rangi mbili zilizotengenezwa kwa dawa tofauti zinaweza kufanana chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine. Hakuna aliyeibiwa, na bado mtu amekosa kodi ya nyumba.

Ufaransa waliwahi kuwa na kesi inayofanana na hiyo. Chevreul, mkemia aliyesimamia rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, aliletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zimepauka. Akapima, dawa ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa kwa jirani: nyeusi ikikaa karibu na bluu iliyokolea inapoteza nguvu. Kitabu chake kikatoka mwaka 1839. Kwa chumba kimoja cha kupanga hilo ni muhimu kuliko taa yenyewe, maana ukuta wa mwenye nyumba huubadilishi, lakini rido inayokaa karibu nao unaichagua wewe.

Yule dada hakuacha kazi. Siku hizi akienda Ruvumera kununua kitambaa anakitoa kwanza nje ya turubai, kwa sababu turubai ya bluu inapaka kila kitu bluu. Na mteja akija kuagiza, anamwambia: njoo na ampuli ya nyumbani kwako. Wanaifunga pale kwake, wanazima ya kwake, ndipo wanachagua.